Bachubai Alivyoanguka Edani

Bachubai alikuwa mbishi tangu ujana wake, na uzee haukumpunguzia hata chembe. Mumewe, mzee Premji, alipofariki, mwana wao Sajid alitaka kumchukua papo hapo aende naye Dar es Salaam. Bachubai akang'aka. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe, nani amtoe? Na eda ikiisha bado hatoki. Amezaliwa Tabora, ameuza khanga na kandili Tabora mpaka mvi zikamjaa, atazikwa Tabora.

"Sawa, mama," Sajid alisema. "Lakini siku nikisikia umeanguka, nakuja kukuchukua. Usinilaumu."

Lo! Laiti angejua. Bachubai alikuwa ameshaanguka chooni, akaanguka na jikoni. Eda ilimsitiri: wanaume hawaingii, gauni lina mikono mirefu, michubuko nani aione? Advera, dada wa kazi, alijua, naye aliapishwa anyamaze.

Sasa Advera alikuwa amekwenda kuzika Nzega, Bachubai akabaki peke yake na maembe ya achari aliyoyaanika uani. Jua lilipopanda akaenda kuyageuza. Aliinama, akainuka, kizunguzungu kikamkamata, mguu ukamkana. Puu! Nyonga ikalia kama kijiti kikavu.

"Mama Sajid! Kulikoni?" Ilikuwa sauti ya Nassibu, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka lao tangu alipoanza kuota ndevu.

"Ni sufuria tu imeanguka!" akajibu, meno yameumana.

Cherehani ikaendelea kulia. Bachubai akajaribu kujikokota. Mguu haukuwa wake tena. Kivuli cha ukuta kilikuwa pale pale, lakini kwake kilikuwa mbali kama Urambo. Jua likampiga usoni. Mkojo ukamtoka, akajionea aibu ingawa hapakuwa na mtu. Hapo ubishi ukamwisha.

"Nassibu! Ingia, mwanangu, nimeanguka!"

Cherehani ikanyamaza. Mlango wa uani ulikuwa umerudishiwa tu, bila komeo, lakini Nassibu akasimama nje yake.

"Mama Sajid, uko eda. Nitaingiaje, mimi mwanamume, si mwanao wala kaka yako? Marehemu nitamjibu nini?"

"Ingia, nimesema!"

"Ngoja nitafute wanawake."

Jamani! Dini haijamkataza mtu kumwokoa mtu, lakini nani wa kumwambia Nassibu? Alikimbia mtaa mzima: maduka na gereji, wanaume watupu, wake zao wote wamekwenda harusini Itetemia. Akampigia shehe, simu haipokelewi. Akarudi, akakaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, akaanza kusoma Yasini huku analia.

"Usinisomee Yasini, mpumbavu wewe! Sijafa!" Bachubai alifoka, kisha naye akalia. Maishani mwake hajawahi kuwa mnyonge namna ile. Msaada alikuwa akiusikia unapumua nyuma ya ubao mmoja, na hauji.

Yasini ikakatika, nyayo zikasogea mbali na mlango. Halafu mlango ukafunguliwa. Nassibu aliingia uso ameugeuzia ukutani, mkononi ana kitenge alichokuwa akikishona. Akamfunika, akamwinua. Bachubai akapiga ukelele wa maumivu.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Nimempigia Sajid. Amesema nikubebe nikupeleke hospitali, dhambi iwe yake. Kesho asubuhi atakuwa hapa."

Bachubai akalikamata shati lake kwa vidole vyote.

"Nirudishe chini."

"Mama Sajid, tafadhali..."

"Nirudishe pale pale uliponikuta, Nassibu. Mwambie ulisikia vibaya."

Nassibu alikuwa analia tena, lakini hakusimama, akazidi kwenda naye mlangoni.