Siku Nafula Alipovua Paa Lote

Huko Laini Saba, Kibera, Nafula alijulikana kwa vyumba vyake vitatu. Vilikuwa vya udongo, vimeungana kama mabehewa, vimeipa reli mgongo, na kila treni ilipopita vikombe viligongana kabatini. Kimoja alilala yeye. Viwili alipangisha, na kodi ya hivyo viwili ndiyo iliyomfanya asimwombe mtu hata chumvi tangu mumewe azikwe. Mwanawe Khamala alikuwa amekwenda zake Mumias kukata miwa, akaoa huko huko, akamwita mama yake mara nyingi. Nafula hakwenda. Alisema mwanamke mwenye nyumba yake hana haja ya kukaa jikoni kwa mke wa mwanawe akisubiri kuambiwa chai iko tayari.

Lakini hiyo "yake" ilikuwa na mipaka. Ardhi ya Kibera ilikuwa ya serikali, hata mtoto alilijua hilo. Ulichokuwa nacho ni miti, udongo na mabati. Mahali penyewe ulikaa kwa ruhusa ya chifu, na ruhusa ilikaa mdomoni. Vile vyumba Nafula aliuziwa na Zeinabu, au Mama Habib, Mnubi wa nyumba ya pili, ambaye babu yake alikuwa askari wa Mzungu na akaachwa akae pale wakati Kibera bado ni msitu. Siku ya kumkabidhi, Zeinabu alimweka chini.

"Sikiza, Mama Khamala. Ukitaka kubadilisha mabati, toa moja, weka moja. Usiivue nyumba nguo zote. Na wakati fundi yuko juu, jiko liwe linawaka ndani, hata kama ni la chai tu. Nyumba isiyo na paa wala moshi, hapa wanaiita kiwanja kitupu. Na kiwanja kitupu hakikosi mwenyewe."

Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini Nafula aliishika kuliko nyingi zilizoandikwa. Kila paa lilipotengenezwa alikaa ndani na jiko lake, kutu ikimwangukia kwenye sufuria.

"Mama, si utoke kidogo nimalize?" fundi angemwambia kutoka juu.

"Wewe piga msumari. Mimi napika."

Na kando yake, akipepea makaa, angekuwa Jentrix.

Jentrix alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Nafula alimtoa nyumbani Bungoma angali hajui hata kufunga kamba za viatu, akamlea katika kile chumba cha katikati, akamsomesha, akampeleka kushona. Wanzala alipokuja kuposa, wazee walikaa kwenye kitanda cha Nafula kwa kukosa viti. Wanzala alikuwa fundi wa mbao huko Kawangware, mtaa mwingine wa jiji, mcheshi, mikono yake mizuri kwa kazi. Walipooana walipanga chumba kimoja huko huko Kawangware, na karakana yake ikawa mbele ya mlango.

Ikaja ile mvua ya El Nino. Ilianza mwaka mmoja ikaisha mwaka mwingine, na ilipokoma vyumba vya Nafula vilikuwa vimeinama kama wazee wanaosikiliza habari mbaya. Wapangaji wakahama. Wanzala akaja, akachoma nguzo kwa bisibisi, ikazama kama kwenye ndizi mbivu.

"Shemeji, hapa hakuna cha kubandika. Ni kubomoa yote tusimamishe upya."

"Niivue yote? Unataka nifukuzwe?"

"Na nani? Kwani husikilizi redio? Bunge limewanyoa machifu. Ile sheria yao ya kikoloni imekatwa, karibu yote. Siku hizi chifu hana ruhusa ya kukuuliza umeng'oa msumari gani."

Na hapo hakusema uongo. Sheria ya machifu ilikuwa imepunguzwa kweli, mwishoni mwa mwaka ule wa uchaguzi, na hata kanisani mhubiri aliitaja akashukuru. Nafula alikuwa na heshima kubwa kwa jambo lililosemwa redioni kwa Kiswahili safi. Akaenda kumweleza Zeinabu.

"Sheria imebadilika huko mjini," Zeinabu akasema, akichambua mchele. "Huku imefika?"

"Mama Habib, wewe bado unaishi na babu yako msituni."

Zeinabu akacheka, lakini mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Haya. Washa jiko lakini."

Mabati mapya Nafula alikuwa ameshayanunua kidogo kidogo, na kwa sababu kwake kunavuja, aliyahifadhi katika karakana ya Wanzala. Wakapanga hivi. Asubuhi Wanzala na mafundi wake wangebomoa. Nafula angekwenda Kawangware kusimamia mkokoteni wa mabati, kwa maana mabati barabarani bila mwenyewe hupungua.

"Na moshi?" Nafula aliuliza.

"Shemeji, mimi si mtu? Mtu wako yuko ndani, wasiwasi wa nini?"

Akaenda. Alimkuta Jentrix amechinja kuku. Mwenye mkokoteni, akaambiwa, yuko njiani, akae kwanza ale. Jentrix akamnawisha mikono, akaweka ugali, na juu ya sahani ya mboga akaweka firigisi, peke yake, mbele ya dada yake. Kwao firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke anaweza kupika kuku maisha yake yote na azikwe bila kuionja.

"Hii ni ya nani?" Nafula akauliza, ingawa aliona.

"Leo wewe ndiye mwenye nyumba, dada. Kula."

Nafula akala. Machozi yalimlenga kwa fahari, akajifanya ni moshi. Aliona kazi ya kumlea yule mtoto imemrudia yote kwa tonge moja. Wakazungumza mambo ya nyumbani, ya mama yao, ya shamba lililoliwa na mto. Jua likapinduka. Mkokoteni ulipofika, Nafula akaingia karakana kutoa mabati, akakuta mbao tu.

"Jentrix, mabati yangu yako wapi?"

"Wanzala aliyatanguliza alfajiri na pikapu."

"Sasa hapa umenikalisha nikisubiri nini?"

Jentrix alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka. "Nilitaka ule, dada."

Nafula alitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea tangu ujana, akashika Ngong Road, akapita Soko la Toi bila kusalimu mtu, akateremka hadi Laini Saba. Kwa mbali aliona paa lake jipya likimetameta, na moyo ukamtulia. Alijilaumu kwa kuwawazia vibaya. Mafundi wamechapa kazi, akasema.

Alipokaribia ndipo akaona milango. Ilikuwa imegeuzwa, sasa inatazama reli. Na vyombo vyake, kitanda, kabati na picha ya marehemu, vilikuwa nje chini ya karatasi ya nailoni.

"Shemeji, mbona milango imegeuka?"

Wanzala akashuka ngazi polepole. "Mzee Musau, mtu wa chifu, alipita. Aliuliza nyumba iko wapi, na mwenyewe yuko wapi. Paa hakuna, moshi hakuna. Akasema mahali ni pa anayejenga. Ningefanya nini, pachukuliwe na mtu wa nje? Nimepashika kwa ajili ya familia."

"Kwa jina la nani?"

"La familia."

"Familia inaitwa nani, Wanzala?"

Akaitazama nyundo yake. "Wanzala," akasema.

Kesi ilisikizwa kwenye mabenchi nje ya kioski cha Mzee Musau, mzee wa kijiji. Nafula alivaa kitambaa chake cha kanisani na kusimama wima. Alisema Bunge limeondoa nguvu za machifu, basi hakuna aliye na uwezo wa kutwaa mahali pake akampa mtu.

"Mama umekuja na redio, basi tuisikize mpaka mwisho," Musau akasema. "Kama chifu hana nguvu ya kumpa Wanzala, wewe alikupa kwa nguvu gani?"

Watu wakacheka.

"Wakati ule alikuwa nayo," Nafula akajibu.

"Kweli. Na alikuruhusu ukae kwenye nyumba. Nionyeshe hiyo nyumba."

Zeinabu akaitwa. Alisema ukweli, na ukweli wenyewe haukumfaa rafiki yake. "Nilimuuzia miti na mabati. Ardhi sikuwa nayo, hata babu yangu hakupewa karatasi. Lakini yule mwanaume ameezeka kwa mabati ya huyu mama, na nyinyi nyote mnajua huyu mama amepika pale tangu lini."

Wakati watu wakinong'onezana, jambo moja lilimjia Nafula. Wanzala ni mtu wa Kawangware, ambako ploti zina wenyewe na hati zao, na paa ni paa tu. Lakini alipoulizwa habari za moshi, hakuuliza ni moshi gani. Mambo hayo angeyajuaje? Hayo huyajua aliyekaa kando ya jiko akipepea makaa. Akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amejibanza nyuma ya wanawake.

"Jentrix. Nani alimwambia mumeo mambo ya moshi?"

Jentrix aliangalia miguu yake. "Wewe una Khamala, dada. Una mahali pa kwenda. Sisi tutapanga mpaka lini?"

Nafula akampa mgongo, akamgeukia Musau. Musau aliamua kwamba mahali ni pa Wanzala, ila amrudishie Nafula mabati mengine mapya kama hayo, na watu wakasema ni hukumu ya haki. Mpaka leo hajarudisha.

Wiki iliyofuata Nafula alimwendea wakili mmoja mjini, mtu mpole wa miwani, ambaye kanisa lilimwomba amsikilize bure. Alisikiliza yote. Akamwambia mahakama huuliza hati, na hati ya pale hana.

"Wanzala anayo?"

"Hata yeye hana."

"Basi tuko sawa."

"Hapana, mama. Yeye yuko ndani."

Jentrix alituma ujumbe kwamba chumba cha katikati kiko wazi, dada aje akae bila kodi. Nafula akamjibu mjumbe kwamba amesikia. Khamala akapiga simu kanisani akitaka kumfuata, naye akasema asije. Zeinabu alimpa chumba kidogo nyuma kwake, Nafula akakilipia kama mpangaji mwingine yeyote, na Zeinabu alipokataa kodi alimwachia juu ya meza akaondoka. Akaanza kuuza blauzi za mitumba pale Toi. Alikuwa na jicho la kuchagua nguo. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwasifia nguo mbaya.

Siku moja ya soko, Nafula akiwa ameinama juu ya marobota, kivuli kilisimama mbele ya meza yake.

"Dada," sauti ikasema.

Nafula akainua uso. Jentrix alikuwa amenenepa kidogo, amevaa vizuri, mkoba mkononi.

"Karibu, customer," Nafula akasema, kwa upole ule ule aliowasemea wote. "Angalia bila wasiwasi. Hizi za juu ni mpya mpya, za chini zimevaliwa kidogo."

"Dada, ni mimi."

"Nimekuona, mama. Unavaa saizi gani?"