Shokapu ya Nesi

Mtaani walimwita Masikio. Si kwa ukubwa wa masikio yake. Yalikuwa masikio ya kawaida tu, yenye mvi chache. Walimwita hivyo kwa sababu ukimletea baiskeli ya milimani iliyovuja upepo, aliisogeza sikioni shokapu, kile chuma chenye upepo kinachomeza mitikisiko, akafumba macho, na kukuambia upepo unatokea wapi kabla hajagusa spana. Miaka ishirini na sita alikalia stuli ileile, akifungua vitu vidogo ambavyo wengine waliogopa kuvifungua.

Karakanani walikuwa wawili. Masikio alifungua, akasafisha, akafunga. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alirudisha kitu kwenye baiskeli na kumkabidhi mteja, maana mgongo wa Masikio ulikuwa umekataa kuinama. Shemeji huyo alikuja akiwa hajui hata kuziba pancha. Yote aliyoyajua aliyapata pale.

Kisha mikono ya Masikio ikaanza kumtia aibu. Shokapu ya nesi, mwanamke aliyepanda vilima kwa baiskeli kuwafuata wagonjwa wake, ilirudi siku tatu tu baada ya kutengenezwa. Baiskeli ilikuwa imeshuka nyuma mpaka kanyagio likawa linakwaruza mawe. Masikio alikuwa ametoka kidogo, kwa hiyo aliyeifungua ni shemeji.

"Sili uliiweka kinyume, Shemeji," alimwambia aliporudi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsitiri mwenzake. "Nesi nimemwambia kosa ni la kiwanda. Siwezi kukuanika."

Sili ni mpira mdogo wa duara unaozuia upepo usitoke. Fundi kuuweka kinyume ni sawa na mpishi kusahau kuwasha moto. Masikio akaweka nyingine, akaizamisha shokapu kwenye beseni la maji toka mchana hadi jioni, asione povu hata moja. Asubuhi yake shemeji akaifunga kwenye baiskeli. Wiki haikuisha, nesi akatuma ujumbe kwamba imeanza tena kushuka.

Hapo Masikio akakata shauri. Mwisho wa mwezi angemkabidhi shemeji funguo, akae nyumbani. Macho yakichoka huvaa miwani. Mikono huvaa nini?

Nesi alifika Alhamisi. Shemeji alikuwa ameenda kununua minyororo.

"Fundi, mimi ni mteja au mpangaji? Maana naona nimehamia hapa."

"Kaa, mama. Leo naifungua mbele yako. Ikinishinda tena, kazi hii naiacha."

Akabonyeza valvu mpaka upepo ukaisha. Akaiviringishia shokapu kipande cha tyubu kuukuu ili apate mshiko, akazungusha, ganda la nje likachomoka. Akaitoa sili kwa kijiti, akaifuta, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mkato mdogo wenye umbo la ukucha.

Nesi akainama. "Si ndiyo hii uliyonionyesha siku ya kwanza? Ulisema, mama, adui yako ni huyu."

Ndiyo hiyo. Siku ile, baada ya kumwonyesha nesi, alimpa shemeji aikate vipande viwili, kama walivyofanya kwa kila sili mbovu, isije ikarudi kazini kwa bahati mbaya. Lakini shemeji hakupenda kukata. Alikuwa na kopo lake, limejaa mipira mibovu ambayo alisema siku moja itafaa bomba la mtu.

Masikio aliitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto, kama mtu anayewatazama watu aliowasingizia wizi. Halafu akaweka sili mpya, akapaka grisi, akafunga, akajaza upepo. Akapiga magoti, mgongo ukimlaani, akaifunga shokapu kwenye baiskeli yeye mwenyewe. Nesi alimshikia boliti bila kuuliza kitu, akaondoka.

Shemeji alirudi na minyororo begani. Aliiona juu ya meza ile sili mbovu aliyoirudisha kwa siri, wala hakujifanya hajui.

"Ungeng'ang'ania mpaka lini, Shemeji? Nina miaka arobaini na moja. Watu bado wananiita yule msaidizi."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka. Halafu ningekupa."

Shemeji akashusha minyororo sakafuni. "Basi usinitazame hivyo peke yangu. Hata Dada anajua. Yeye ndiye alisema hutapumzika mpaka ujione mwenyewe umeshindwa."

Jioni hiyo mkewe alipasha mafuta kwenye kibakuli, kama alivyofanya kila jioni kwa wiki tatu. Alikuwa akimkanda vidole, kimoja kimoja, akimwambia mikono hii imeshafanya kazi ya kutosha, na Masikio alikuwa akijiona mtu mwenye bahati.

"Lete mkono," akasema.

Masikio alikaa upande wa pili wa meza. "Mikono yangu haina kitu."

Mkewe akainamisha macho. Aliyainamisha upesi mno, kama mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo.

"Ulikuwa unaanguka kwa uchovu," akasema. "Sikujua namna nyingine."

"Kesho nafungua mapema. Mwambie mdogo wako asije."

"Na mimi?"

Masikio alivuta sahani, akala chakula alichopikiwa, kwa kuwa alikuwa na njaa na hapakuwa na nyumba nyingine ya kwenda kula.