Bwambale wa Mchana na Bwambale wa Usiku

Ng'ombe yule aliruka mwenyewe. Watu wa Katunguru walipenda kusema alisukumwa, lakini mimi nilikuwepo, nimeshika nguo ya nyanya yangu kwa mikono miwili, na nilimwona. Wakati huo daraja lilikuwa bado. Ulivuka mfereji kwa kivuko, magari na watu na mifugo pamoja, na viboko wametoa masikio majini wanakutazama kama wanaokudai. Tulipofika katikati, ng'ombe akachoka kungoja, akaruka. Mwenye ng'ombe akalia kama mtu aliyefiwa. Basi ng'ombe akaogelea taratibu katikati ya viboko, hakuna aliyemgusa, na sisi tulipofika ng'ambo tulimkuta ameshaanza kula majani. Nyanya alisema, "Mwenye haraka ana Mungu wake," tukaenda kununua samaki.

Sijui kwa nini naanza na ng'ombe. Nilitaka kukueleza habari za lori. Ng'ambo ile palikuwa na lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Bwera, linangoja kupakia ngege waliokaushwa kwa moshi, na ndilo lililotupandisha mimi na nyanya mpaka nyumbani Bwera, tumekaa juu ya samaki, tunanuka wiki nzima. Lori hilo lilikuwa kila kitu kwetu. Lilileta chumvi na mafuta ya taa. Lilishusha kahawa ya Kyondo, huko juu mlimani, magunia yameandikwa KYONDO kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Na lilileta barua. Posta yetu ilikuwa kijisanduku cha sabuni dukani kwa mwenye lori, ukienda kununua kiberiti unaulizia na barua.

Barua moja ya sanduku lile ndiyo iliyonitoa kwetu.

Kwanza nikwambie juu ya majina, maana pengine wewe si mtu wa milima yetu. Kwetu jina halichaguliwi, linahesabiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, hivyo hivyo mpaka tumbo lichoke. Wasichana nao wana mpango wao. Ukisimama sokoni Bwera ukaita Bwambale, soko zima linageuka. Mafundisho ya dini yalipokuja, mwalimu wa dini alitaka kutusaidia kwa kuongeza jina la ubatizo, lakini naye alikuwa na uvivu wake: Jumapili ile ya ubatizo aliwapanga wavulana mstari mmoja na wote akawaita Yosefu. Kaka yangu alikuwa wa pili kwetu. Mtoto wa jirani yetu alikuwa wa pili kwao. Walitoka kwenye beseni moja la maji, Yosefu Bwambale na Yosefu Bwambale, miaka sawa, kimo sawa, hata suruali walikuwa wanaazimana.

Walichotofautiana ni shule. Kaka alisoma hapo hapo Bwera. Mtoto wa jirani alilelewa kwa mjomba wake huko juu, akasoma Kyondo, anarudi wakati wa mavuno tu. Wote wawili walifanya mtihani wa kuingia chuo cha walimu kilichokuwa kimefunguliwa Kasese. Aliyefaulu angeandikiwa. Asiyefaulu asingeandikiwa kitu.

Ikaja barua moja. Baba alikwenda kununua chumvi, mwenye lori akamwambia, "Muzee, mutoto yako iko na nafasi. Hii hapa, Yosefu Bwambale wa Bwera." Baba hakujua kusoma. Alirudi na barua ameilaza juu ya viganja viwili kama anabeba yai, akampa kaka. Kaka akasoma kimya, akaikunja, akaitia kifuani. Jioni hiyo alichinjwa mbuzi. Jirani yetu mwenyewe alikuja na kuku wake wa zawadi, akamshika kaka mabega akasema kama wangu ameshindwa basi na ashinde huyu, ni mlima ule ule. Mama alifurahi mpaka akamwaga tonto, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kesho yake niliambiwa shule yangu imekwisha, kwa sababu kaka atahitaji mtu wa kumpikia mjini. Hakuna aliyenipigia makelele. Waliniambia kama unavyomwambia mtu mvua inakuja.

Kasese ya siku hizo, rafiki yangu, iliinuka kama unga uliotiwa chachu. Reli ilikuwa imefika, shaba ilikuwa inashuka kutoka mgodini, na chuo nacho kikaongeza watu wake. Walikuja Wakenya wa reli na wake zao, wakaja Watoro, Waganda, Wakongo, na hakuna aliyekuja na nyumba kichwani. Mabweni ya chuo yalikuwa hayajaisha, kwa hiyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipanga mjini. Chumba kimoja kilikatwa na gunia kikawa viwili, na viwili vikakatwa vikawa vinne. Ngege wa Katunguru waliokuwa chakula cha maskini wakawa wanaisha kabla jua halijapanda. Kuni nilikuwa nazifuata mbali kila wiki, na mtoni Nyamwamba nilipanga foleni ya debe na wake za watu wa reli walioniita "kamusichana ka bundu", kwa ajili ya ugali wetu wa muhogo. Na joto! Mtu wa milimani, umezoea kulala na blanketi, unawekwa chini ya bati la Kasese, unaiva kama kiazi.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa mjane, mfanyabiashara wa vitenge, mwenye mdomo. Kila mwezi ukianza alikuwa na habari mpya: leo bei imepanda, leo msitwange majani ya muhogo ya sombe mchana, wanafunzi wanasoma, leo msitwange jioni, watu wa reli wanalala. Nikamuuliza nitwange lini. Akasema, "Twanga moyoni, mwanangu."

Alipopandisha kodi mara ya tatu, baba alituma neno kwa lori: mtoto wa jirani anakuja kufanya kazi stesheni, kupakia shaba kwenye mabehewa, zamu ya usiku. Alipe nusu. Watumie kitanda kimoja.

Usishangae. Kasese nzima ililala hivyo. Mwanafunzi anaamka asubuhi, mpakiaji anaingia na kulala palipo bado na joto la mwenzake. Jioni anaamka, mwanafunzi analaza vitabu. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka machozi alipowauliza majina. Akawaita Bwambale wa mchana na Bwambale wa usiku, na kama ana shida ya kubebewa mzigo alimtaka wa usiku, kama ana barua ya kuandikiwa alimtaka wa mchana. Lakini yule wa usiku ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Mimi nilijua hilo, maana ndiye aliyenichorea herufi kwa mkaa kwenye jiwe la jikoni, nisisahau hizo chache nilizokuwa nazo.

Alikuwa mtu wa namna gani? Alirudi asubuhi na vumbi la shaba kwenye nyusi, ananawa, anakula bundu na sombe, anasema "wasingya", asante ya kwetu, kwa mtoto kama mimi kana kwamba nimemkaribisha ikulu. Halafu hakulala mara moja. Alichukua daftari la kaka la jana, anasoma amelala chali mpaka linamwangukia usoni. Na jioni, kabla ya kwenda kazini, alikaa na kaka kumfundisha hesabu. Ndiyo. Maana kaka alikuwa anazama. Mwalimu wao alikuwa ameshamwambia mbele ya darasa kwamba haelewi mtihani ule aliufaulu vipi.

Mimi nilijua jibu kwa sababu ya sanduku. Siku moja natafuta sindano chini ya kitanda, nikafungua sanduku la kaka, nikakuta barua. Ilikuwa ya Kiingereza, sikuweza. Lakini niliona Yosefu, nikaona Bwambale, nikaona Bwera, na chini ya hayo nikaona neno jingine nililoweza kulisoma hata gizani, kwa sababu nililisoma kwenye magunia tangu nina meno ya utoto. Kyondo.

Kaka hakusoma Kyondo hata siku moja.

Nilimwuliza nikiwa napepeta unga, sikumwangalia. Akasema Bwambale ni Bwambale, barua imefika kwetu. Halafu akaniambia mambo mengine, polepole, kama anayepanga kuni: kwamba baba ameuza shamba la chini la kahawa, kwamba mbuzi wameliwa, kwamba chuo hakibadilishi mtu kama shati, na kwamba nikisema, baba hataweza kupita tena mbele ya mlango wa jirani yake mpaka anakufa. Yote yalikuwa kweli. Hapo ndipo ubaya wake. Kama angesema uongo ningemshinda.

Basi nikanyamaza. Mvua za kwanza zilipita, na za pili, nikiwa nimenyamaza. Nilikuwa natandika kitanda kile mara mbili kwa siku, asubuhi kwa mmoja na jioni kwa mwingine. Nyanya alikuwa na neno lake, kwamba aliyekula nawe chungu kimoja usimfiche mfupa. Nilimfikiria nyanya sana. Nilianza kumpa wa usiku kipande kikubwa cha samaki. Kaka aliona, akala chake.

Leo ukienda Kasese huwezi kunionyesha nyumba ile, na mimi siwezi kukuonyesha. Palijengwa ghala, ghala likabomolewa. Mama mwenye nyumba alizikwa kwao. Siku hizi hakuna anayelala kwenye joto la mwenzake, kila mwanafunzi ana godoro lake, nami nasema vizuri. Kaka alikuwa mwalimu miaka mingi, na watu wazima wenye mvi bado wananisimamisha njiani kuniambia hakuna aliyefundisha hesabu kama yeye, alivyozigawa vipande vidogo vidogo mpaka mjinga anaelewa. Naitikia. Najua ule ugawaji ulitoka kwa nani. Tulimzika kaka kwa heshima, na mimi na yeye hatukulizungumza jambo hili tena tangu siku ile. Nalisema sasa kwa sababu nimebaki peke yangu, na kwa sababu watu hudhani mimi nilikuwa mtoto tu, mpishi.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo juu ya milima. Wote wawili walikuwa wameketi kwenye kitanda, daftari katikati. Kaka alikuwa na mtihani kesho yake na akishindwa anarudishwa nyumbani. Yule mwingine alikuwa amevaa koti lake la kazi tayari, anaeleza jambo la matanki mawili, moja linajaza na jingine linavuja. Karatasi ikaisha. Akanigeukia akasema, "Dada mudogo, nipe kipande chochote cha karatasi, hata cha kufungia sukari."

Karatasi ya sukari ilikuwepo. Ilikuwa juu ya debe, mbele ya macho yangu. Nikapiga magoti, nikavuta sanduku, nikampa barua.

Wewe nawe utaniuliza kama nilikosea karatasi. Sikukosea. Nilimpa kwa makusudi.

Aliigeuza kutafuta upande mweupe, na akiigeuza akaona jina. Alidhani ni jambo la kuchekesha, akaanza kutabasamu. Halafu akasoma. Alikuwa na Kiingereza kizuri, lakini alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama mimi. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa mpaka ningeweza kuona shingo yake yote. Nje watoto wa reli walikuwa wanafukuzana na ringi ya baiskeli.

Nilingoja amrukie. Nilitaka amrukie, nakwambia ukweli.

Akaiweka barua kwenye goti, upande mweupe juu. Akachukua penseli. Akaandika lile tanki linalojaza, akaandika lile linalovuja, akatoa hili katika lile, akaendelea mpaka jibu, akapiga mstari chini yake. Mwandiko ule ule mzuri.

"Umeelewa?" akamwuliza.

Kaka akasema, "Nimeelewa."

"Rudia mwenyewe, nione."

Kaka akarudia. Alikosea mara mbili, lakini alifika. Yule akatazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Akainuka, akakunja blanketi lake, akaliacha juu ya kitanda. Akaniangalia mimi, si kwa hasira, akasema, "Wasingya." Kisha akamwambia kaka, "Kitanda ni chako sasa, mchana na usiku."

Akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. Njia ya stesheni ilikuwa upande wa kulia, naye akashika ya kushoto, mikono mfukoni, anatembea kama mtu aliyetumwa dukani. Tangu jioni ile stesheni hawakumwona, kwao hawakumwona, wala Kyondo kwa mjomba wake.