Salamu za Kaplong Katika Ibada Isiyo Yangu

Kosa ninalolisimulia hapa ni kujiona, na sisemi kujiona kwa vijana wanaotembea vifua mbele sokoni, bali kule kwa mtu mzima aliyesoma, ambaye kuuliza njia anaona ni kujishusha na kungoja anaona ni kugeuzwa mzigo. Nimelikemea kosa hilo darasani miaka mingi (na kwa majirani, na kwa mke wangu, ambaye hakuwa nalo), kwa hiyo siku liliponiumbua mbele za watu, nilistahili.

Nilikuwa nakwenda Ujerumani, peke yangu, katikati ya majira ya baridi, kumpa mjukuu jina. Jambo hilo halikuwa dogo. Binti yangu Chelangat, muuguzi huko, alikuwa ameolewa na kijana wa hukohuko, nami nilikataa kuibariki ndoa yao kwa sababu hakuna wazee waliokuja kuketi sebuleni kwangu kumposa inavyopasa, nikatamka mbele ya ukoo mzima kwamba yule si mkwe, ni mpita njia. Tukanyamaziana. Kisha mtoto akazaliwa, na Chelangat akapiga simu.

“Baba, ubatizo tutakungoja. Jina utalisema wewe mwenyewe, kanisani. Lakini usipofika, nitajua bado umekataa, na sitakuuliza tena.”

Mke wangu alibaki na ng’ombe (ambao, alivyosema, hawakamuliwi kwa simu). Akanikunjia jaketi nene kama godoro.

“Baba Chelangat, vaa hii. Baridi ya huko si ya Kaplong.”

“Mimi nimechuma chai kwenye mvua ya mawe tangu utotoni. Baridi inanijua kwa jina.”

“Haya. Ikikuita, uitike.”

Nikaisukuma jaketi chini kabisa ya sanduku. Ndege ikachelewa, sanduku likabaki katika uwanja mwingine, nami nikashuka kwenye treni siku yenyewe ya ubatizo nikiwa na suti yangu ya kijivu na tai. Sikuwa nimelala tangu nitoke nyumbani, na labda ndiyo sababu yote yaliyofuata nayakumbuka kama mtu anayesimulia ndoto ya mwenzake. Theluji ilikuwa ikianguka. Kwetu kila kinachotoka mbinguni husema, mvua husema juu ya mabati na mawe husema juu ya majani ya chai, lakini hii ilishuka bila neno, nyeupe juu ya nyeupe, hata mji ukawa kama mashamba yetu asubuhi ya ukungu, pale unapowasikia wachumaji wakicheka wala huwaoni, ila hapa hapakuwa na aliyecheka.

Chelangat alikuwa ameniagiza waziwazi: “Ukishuka, usitoke stesheni. Kaa hapo ndani tukuje kukuchukua. Kanisa liko karibu tu.” Nilikaa kidogo. Kisha kengele ikalia mahali fulani katikati ya weupe ule, nikajiambia kwamba baba ya mtu haokotwi kama kifurushi, na kwamba kanisa lililo karibu ni kanisa linaloonekana. Nikatoka.

Kanisa nililiona, na watu wakiingia, wote wamevaa nyeusi (nikawaza kwamba Wazungu huvaa nyeusi wakati wa baridi ili wavute joto la jua, ingawa jua lenyewe sikuliona). Mlangoni alisimama mama mzee mwenye nywele nyeupe, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na macho yake yalikuwa na machozi. Ndugu zangu, niliguswa. Nikajua huyu ni wa upande wa mkwe, na kwamba analia kwa furaha ya kumwona babu hatimaye. Nikapita hadi kiti cha mbele kabisa, maana baba ya binti haketi nyuma.

Mbele kulikuwa na mishumaa, na picha ya mzee mmoja anayetabasamu (babu ya mkwe, bila shaka), na katikati ya maua meupe chungu kidogo cha samawati chenye kifuniko. Sikuhitaji kuelezwa. Yale ni maji ya ubatizo. Chelangat sikumwona, nikaamua yumo chumba cha ndani akimvisha mtoto, na nikiwa nimeketi pale, meno yakigongana, wazo likanijia: katika baridi hii, maji hayo yamepashwa moto kweli? Nikainuka, nikaenda, nikaweka kiganja juu ya kile chungu. Baridi kama jiwe la mtoni.

Hapo ningeweza kurudi kuketi. Lakini kwetu mgeni akishasimama mbele ya watu bila kuwasalimia, huonekana hakulelewa, basi nikageuka, nikafunga vifungo vya koti na kuanza, kwa Kiingereza changu cha ubaoni:

“Ninawaletea salamu za Kaplong! Nimefurahi kuona mmejaa hivi. Lakini mbona nyuso nzito? Kwetu siku kama hii tungekuwa tunaimba. Changamkeni! Huyu aliyetukutanisha leo ndiyo kwanza anaanza safari.” Nikawataja wazazi wangu, na wazazi wao, na vijiji vyao. Kisha nikakigusa tena chungu. “Ombi langu ni moja. Maji haya yapashwe moto kidogo. Akilia, na alie kwa kuguswa na Mungu, si kwa baridi. Sasa tumpigie makofi!”

Nikapiga. Makofi ya mtu mmoja ndani ya kanisa la mawe yana sauti nisiyomtakia adui. Mchungaji aliinuka nusu, akabaki hapohapo, hakuketi wala hakusimama. Ndipo yule mama wa mlangoni akanijia polepole, akasimama karibu nami kabisa.

“Bwana,” akanong’ona kwa Kiingereza, “hayo si maji. Huyo ni mume wangu.”

Nikakitazama chungu, nikaitazama picha. Kwetu mtu hurudi ardhini akiwa mzima. Sikujua kwamba mzee mwenye mabega yale anaweza kuwa majivu na kutosha humo. Nikaomba radhi, nikamwambia nilidhani ni ubatizo wa mjukuu wangu.

“Na huyo mtoto yuko wapi?” akauliza.

Ndipo nikaelewa kwamba mahali fulani katika mji ule binti yangu alikuwa akiutazama mlango. Nikamweleza yote palepale, posa isiyokuja, maneno niliyoyatamka, jina nililolibeba, kama mtoto anayemweleza mama yake alivyovunja chupa.

“Ng’ambo ya uwanja kuna kanisa jingine,” akasema. “Nimeona kigari cha mtoto kikiingizwa. Twende.”

“Lakini ibada yako, mama...”

“Mume wangu hakuwa mtu wa haraka. Atangoja.”

Akavua shali yake nyeusi ya sufu, akanizungushia kichwani na shingoni, akanishika mkono. Tukavuka katika weupe ule, mimi nikiteleza kwa viatu vya ibada, yeye, asiyenifika begani, akinishikilia nisianguke. Katikati ya uwanja alisimama, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. “Hakuna aliyethubutu kutuambia tuchangamke,” akasema. “Angefurahi sana.”

Tulipofungua mlango, Chelangat alikuwa mbele na mtoto kifuani, na alikuwa ameacha kuutazama mlango; ameinamisha kichwa, na mchungaji tayari ameufumbua mdomo. Mkwe wangu akaingia nyuma yetu akihema, theluji nyweleni, kwa kuwa alikuwa stesheni akinitafuta kila kona.

“Baba! Uko na shali ya nani?”

“Jina kwanza,” nikasema. “Anaitwa Cherono.” (Alizaliwa jioni, saa mbuzi wanaporudi zizini, ingawa katika mji ule sikuona hata mbuzi mmoja.) Kisha nikamwita mkwe wangu “mwanangu” kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, na Chelangat akanikabidhi mtoto.

Tangu siku hiyo sisimami mbele ya watu kabla ya kuuliza shughuli ni ya nani, na nikiambiwa ningoje, nangoja. Kesho yake nilikwenda kuirudisha shali, na hapo tu ndipo nilipomwuliza jina yule mama, mimi niliyewamwagia waombolezaji wake majina ya ukoo wangu mzima. Akalitamka polepole, akalirudia nilipokosea, mpaka likakaa sawasawa mdomoni mwangu: Hannelore.