Mume wangu alitembea Butembo hadi Beni kuuliza habari za jiwe la angani

Heshima kwenu wakuu, wake kwa waume.

Juzi kuna uzi humu ulileta mambo ya asteroid, yale mawe ya angani, watu wakacheka mpaka basi. Mimi sikucheka. Kuna asteroid iliwahi kunikosesha chakula. Ninayosimulia yamenikuta mwenyewe, na shahidi wangu yupo sebuleni anasoma gazeti.

Mimi ni mwenyeji wa Butembo. Dar nimekuja ukubwani, kwa biashara ya vitenge.

Kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya tisini, vita ya kwanza ya kwetu ilikuwa imepita na ya pili haijaanza, ila bunduki hazikujua tofauti. Nilikuwa na mimba ya kwanza, miezi sita.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Kasai, serikali ilimleta kwetu ikamsahau hapo hapo. Wazazi wa wanafunzi walimlipa maharage na viazi. Nilimwita Mwalimu, hadi leo namwita hivyo.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwa Kifaransa. Mwalimu akanitafsiria, bila kufikiri, mswaki uko mdomoni: wataalamu wameona jiwe angani, kubwa kama mlima, na huenda likaigonga dunia baada ya miaka thelathini.

Siku hiyo hiyo tukasikia wanajeshi wanakuja. Kwetu ilikuwa desturi, wakija wanajeshi redio inafungwa kwenye plastiki na kuzikwa shambani, maana ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Tukaizika yetu kati ya maharage.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulizika redio tukiwa na nusu ya habari.

Wakuu, risasi nilijua kuzikimbia. Unalala chini, au unaingia migombani. Lakini jiwe la angani unalikimbilia wapi? Nikapiga hesabu, mwanangu atakuwa na miaka thelathini, labda na watoto wake. Nikaona namzaa ili aje kupondwa.

Chakula kikanishinda. Majirani walinitania, wakasema mke wa mwalimu ana njaa ya kisomi. Wiki zikapita, nguo zikaanza kunipwaya na mimba ninayo.

Mama mkunga wa kanisani kwetu alinipima, akanishika mkono.

"Masika, mutoto anakula kwa sahani yako. Ukiacha kula, na yeye anaacha. Hivi, mutakufa wawili."

Mwalimu alijilaumu sana. Akanieleza wanavyofanya: wanapiga picha anga, wanapiga tena, wanalinganisha. Nyota zimetulia, kinachosogea ndicho wanachokifuatilia. Ila lile jiwe walikuwa wameliangalia muda mfupi mno kuijua vizuri orbit yake, yaani njia linayopita angani. Akasema ni kama kumwona mtu akipiga hatua mbili barabarani, halafu uape kwamba anaenda Kanyabayonga kule mbali.

Nikamjibu, basi nitafutie anayejua mtu huyo anakokwenda.

Nilisema kwa hasira za mimba. Yeye akaichukua kama kazi aliyotumwa.

Redio hatukuweza kuifukua, wanajeshi walikuwa wamepiga kambi nyuma ya shamba letu. Lakini Beni alikuwepo mwalimu mwenzake ambaye kila asubuhi alisikiliza habari na kuziandika kwenye daftari. Ni kilomita hamsini na kitu. Magari yalikuwa yamesimama, na mtu wa mbali asiyejua vizuri Kinande, lugha yetu, njia ile ilikuwa inammeza.

Niliamka nikakuta ameondoka. Siku nne wakuu. Jiwe nikalisahau kabisa, nikabaki kumwombea yeye tu.

Siku ya nne jioni akaingia, miguu imevimba, ameshika karatasi. Hakunisalimia kwanza.

"Masika, balikuta mapicha ya zamani, ile jiwe ilikuwa ndani na hakuna mutu aliionaka. Bakapima tena njia yake yote. Itapita mbali. Mutoto wetu atazeeka."

Kumbe habari hiyo ilitangazwa kesho yake tu, redio yetu ikiwa udongoni.

Nililia, halafu nikaomba ugali. Nikala sahani mbili huku yeye ananitazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi.

Nikiwa nakula akanisimulia ya njiani. Kwenye kizuizi kimoja askari walimuuliza anaenda Beni kufanya nini. Akasema ukweli, naenda kuuliza kama jiwe la angani litatuua. Wakacheka, wakamwona kichaa, wakamwachia. Mmoja akamfuata pembeni.

"Mwalimu, ukirudi upite hapa uniambie. Na mie niko na mutoto, kule Kisangani."

Na aliporudi alipita, akamwambia. Askari akavua kofia, akakaa chini.

Binti yetu sasa ni mtu mzima na anatufokea kama mama mkwe. Siku hizi nasikia wataalamu walituma hadi chombo kikagonga asteroid makusudi, ikabadili njia. Nawaheshimu sana hao wanaokesha wakipima mawe ili wengine tulale.

Nilichojifunza ni kwamba hofu ya mtu usiicheke, hata ikiwa ya miaka thelathini mbele. Na habari usiiamini kabla hujaisikia yote.

Nawe kama yupo aliyetembea njia ndefu ili kukutoa hofu, mtaje hapo chini tumsome.

Yule askari hatukumwona tena. Vita ya pili ilianza, kizuizi kikahamishwa. Sijui kama mtoto wa Kisangani aliwahi kuambiwa kwamba baba yake alimuulizia habari za lile jiwe.