Barua Nne Mfukoni mwa Koti la Kanisa

Kuna siku moja kortini Kericho, mwanangu, ambayo sijaisahau hata leo. Huwa siisimulii ovyo. Nakusimulia wewe kwa sababu mama yako ameniambia waliokukopesha wakikupigia unazima simu, na tangu uachishwe kazi hutaki kuongea na mtu. Basi keti. Chai itapoa, wacha ipoe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Nilichukua mkopo wa benki nijenge hii nyumba ya mawe, nikaweka hati ya shamba letu la chai dhamana. Halafu kiwanda kikaleta mashine mpya, sisi wengine tukapunguzwa. Niliambiwa Ijumaa. Jumatatu nikavaa ovaroli nikatoka nyumbani kama kawaida, nikashinda sokoni Mulot nikitazama watu wakiuza ng'ombe. Mama yako alikuja kujua baada ya mwezi mzima, tena kwa majirani, na hata hapo nikamwambia benki tumeshaelewana. Sikuwa nimeongea na yeyote.

Wakati huo barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la kanisa. Jumapili moja baada ya ibada, mzee wa kanisa alisimama nje akiita majina. Siku hiyo akaita langu. Ilikuwa bahasha ndefu ya benki, ile yenye kidirisha. Watu wakanitazama kwa heshima, wakidhani malipo yangu ya kiwanda yametoka. Mmoja akaniambia, "Usitusahau, bwana." Nikacheka naye, nikaitia mfuko wa ndani wa koti langu la kanisa.

Sikuifungua. Nilijiambia nisipoifungua ni kama haijafika. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Ikaja ya pili, ya tatu, ya nne. Zote mfuko ule ule. Ya tano haikupitia kanisani. Ililetwa na mtu wa korti, kwa miguu, mpaka mlangoni, ikiniita mbele ya hakimu.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini. Akaniuliza kama nilipata barua za benki.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Posta yetu ni ya shida."

Na Biblia nilikuwa nimeishika nikiapa dakika chache tu kabla. Mama yako alikuwa benchi la nyuma, wewe mgongoni. Akasimama.

"Samahani, mheshimiwa, amesahau tu. Ziko ndani ya koti alilovaa. Nimezipapasa asubuhi nikilipiga brashi."

Mwanangu, alidhani ananisaidia.

Nikazitoa moja moja nikampa karani, gundi yake bado haijaguswa. Hakimu akamwambia afungue ya kwanza, aisome kwa Kiswahili tuelewe wote. Benki ilikuwa imesikia kiwanda kimepunguza watu. Nifike ofisini ndani ya siku thelathini, tukubaliane nilipe kidogo kidogo kutoka kwa bonasi ya kila mwaka ya majani chai yetu mpaka nipate kazi nyingine. Nikifika, shamba halitaguswa. Ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa kama inanibembeleza. Ya nne ilikuwa imechoka.

Hakimu akavua miwani. "Hawa watu walikuwa wanakutafuta mzungumze," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"



Tukapewa miezi miwili ya kulipa deni. Ile chai ya ng'ambo ya ua, ambayo umekua ukijua ni ya jirani, ilikuwa yetu. Tuliiuza ili tubaki na nyumba. Na mama yako, aliyeipanda miche ile kwa mikono yake, alichuma mistari ile ile miaka minne, akilipwa kwa kilo kama kibarua yeyote. Hakunitukana. Tulipotoka kortini aliniambia neno moja tu: "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na kiwanda. Ungeniambia."

Kwa hivyo washa hiyo simu. Kesho uende mwenyewe kwa hao watu, uwaambie huna kazi. Watakukasirikia, sawa, wakasirike ukiwa mbele yao. Lakini leo hii, kabla hujalala, mwambie mkeo yote, asije akakutetea mbele ya watu kwa jambo ulilomficha. Kufukuzwa kazi si dhambi. Mimi shamba sikunyang'anywa na benki, nililipoteza kwa kuona haya.

Mungu akupe moyo wa kufungua kila bahasha yenye jina lako. Na mkeo, akichuma chai uzeeni, achume yake. Haya, nenda. Mama yako amesimama hapo mlangoni kitambo, na amesikia yote.