Jioni Niliyomwonyesha Mama Nachiket Mirihi

Niliambiwa niolewe na mgomba kwanza, ndipo niolewe na mchumba wangu, Nachiket.

Sitanii.

Hapa Pune, India, kuna familia zinazomwogopa msichana aliyezaliwa wakati sayari ya Mirihi imekaa vibaya. Wanasema mumewe hafiki mbali, hufa mapema. Basi anafungishwa ndoa na mgomba, mgomba unakatwa, balaa inaishia hapo.

Nikasema sitaki. Mama Nachiket, ambaye tulikuwa hatujawahi kuonana, akasema basi, ndoa hakuna.

Sasa sikia kioja. Mimi ndiye ninayejitolea kuwaonyesha watu sayari kwa darubini.

Jioni ile Zuhura, Mshtarii na Mirihi zilikuwa zimesogeleana juu ya mapaa ya magharibi, unaweza kuzifunika zote kwa vidole vitatu. Uwanja wa chuo ulifurika. Tulikuwa na dakika arobaini kabla hazijazama, na wingu lilikuwa linapanda.

"Dada, harakisha! Huyo wa mbele amelala humo?"

"Tulia kaka, zamu yako inakuja."

Nikainua macho. Nikamwona.

Mama wa sari ya kijani, wa tatu kwenye foleni. Nilimjua kwa picha za kwenye simu ya Nachiket. Nyuma yake mumewe, Mzee Vasant, anatafuna karanga.

Nikashtuka. Nikaigonga darubini, sayari zikapotea. Nikazitafuta upya, jasho linanitoka, na wingu hilo linakuja.

Nikajiambia: mwonyeshe Zuhura aende zake.

Nikaghairi. Nikaielekeza kwenye Mirihi.

"Tazama, mama."

Akainama. Akakaa. Akazidi kukaa.

"Hiki chekundu ni nini?"

"Mirihi."

Akanishika mkono, akaubana.

"Kadogo hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Kadogo hivi ndiko kamenikosesha usingizi miaka thelathini na nne, Ketaki?"

Nikaganda. Sikuwa nimemtajia jina langu; kumbe naye alinijua kwa picha.

Hakuinua kichwa. Akaninong'oneza akiwa vilevile, jicho kwenye darubini. Na yeye alizaliwa na Mirihi mbaya. Baba yake alimbembeleza mnajimu asogeze saa ya kuzaliwa kwenye hati yake ya nyota. Akaolewa, hakuna aliyejua. Tangu hapo kila usiku humwekea mumewe kiganja kifuani, ahakikishe anapumua.

"Sikukukataa kwa ubaya, mwanangu. Nilitaka ule mgomba ukupe usingizi ambao mimi sijaupata."

"Nyie!" Mzee Vasant akafoka, mdomo umejaa karanga. "Mmehamia humo? Magoti yananiuma!"

Mama Nachiket akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akampisha.

"Tazama na wewe. Kale kekundu."

Mzee akatazama, akaguna.

"Mbona hakafanyi kitu?"

Wingu likazifunika zote tatu. Foleni ikalalamika, mimi hata sikusikia.

"Jumapili uje nyumbani," mama aliniambia, akifuta macho kwa ncha ya sari. "Na usije na mgomba."

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna kitu ulitishwa nacho tangu utotoni, usiridhike na kusimuliwa. Panga foleni, ukitazame mwenyewe.